Mwisho Ninaoupinga

19 Februari

Papa Jean-Marie ameingia maktaba leo asubuhi na mwavuli unaovuja, akaweka kitabu chembamba mezani kwangu. Yeye ndiye anayeongoza kikundi chetu cha wasomaji pale parokiani, na mimi ndiye ninayetupiwa vitabu ambavyo wengine wamekataa.

"Maman Adolphine, njo kazi yako ya mwezi wa ine. Utasoma, utakuja kutuambia kama iko muzuri ao hapana."

"Nani aliandika?"

"Honoré Cirhuza. Mwalimu wa jiografia, ule wa Kadutu. Bibi yake wa ndoa alikufa mwaka jana. Na ameandika kwa Kiswahili, kwa hiyo na wewe utajibu kwa Kiswahili."

Hapo amenishika pabaya. Tangu nianze kufundisha fasihi, kila nilichoandika juu ya kitabu nimekiandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili nanunua nyanya, nasali, nagombana na motard juu ya bei ya pikipiki. Basi nianze hapa, kidogo kidogo, mkono uzoee kabla ya mwezi wa nne. Hakuna atakayesoma haya, kwa hiyo makosa ni yangu na faida ni yangu.

Kitabu kinaitwa *Maji ya Ukutani*. Ni hadithi ya kutisha. Sipendi hadithi za kutisha.

22 Februari

Mvua tangu saa sita. Kwa kawaida kutoka dirisha langu la maktaba naona vidole vya mji vilivyonyooshwa ndani ya ziwa. Leo mji umekunja ngumi, kila kitu ni weupe. Nimesoma sura za mwanzo nikiwa na koti mabegani. Mwandishi huyu anajua udongo. Anaeleza jinsi mteremko unavyokunywa maji siku nyingi bila kusema kitu, na unavyoamua kwa ghafla. Nimejikuta nasikiliza paa.

23 Februari

Mvua. Hakuna msomaji hata mmoja aliyekuja. Nimekula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani.

26 Februari

Nimekimaliza. Niandike kwanza kinachotokea, kabla hasira haijanichanganya.

Fundi wa kujenga nyumba anaishi mlimani na mke wake na binti yao. Siku ya mvua kubwa mteremko unashuka na kumchukua mke wakati anaanua nguo kwenye kamba. Mwili haupatikani. Fundi anajenga tena palepale, kwa udongo uleule. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukuta wa chumba cha kulala unatoa unyevu wenye umbo la kiganja. Mvua inayofuata, kiwiko. Halafu bega. Kila mvua mke anatoka zaidi ukutani, na kila anapotoka, fundi anasahau jina la mtu aliye hai: jirani, ndugu yake, padri wake. Hajui kwamba anasahau. Ana furaha. Anasogeza kitanda kikaribiane na ukuta.

Siku moja binti anabisha hodi, ameleta chakula. Baba anafungua, anamtazama kwa adabu, anamuuliza: "Samahani, unatafuta nani?"

Hapo nilifunga kitabu, nikaenda kusimama jikoni bila sababu. Mwandishi amefanya jambo gumu kwa maneno matatu.

Lakini mwisho! Mwishoni fundi anaegemea ukuta, na ukuta unampokea kama maji yanavyopokea mkono. Nyumba inanyamaza. Basi. Na sentensi ni tamu, zinabembeleza, utadhani tuko kwenye harusi. Mwandishi hataki niogope tena, anataka nimwonee fundi wivu. Huo ni uongo. Binti amebaki nje na sufuria, na hadithi imemsahau kama baba yake alivyomsahau.

Tena kuna jambo lingine lililonisumbua hadi nikarudi kupekua kurasa. Mke hasemi. Si ukutani tu. Hata mwanzoni, akiwa hai, anapika, anaanua nguo, anatabasamu, na mdomo wake haufunguki. Huyo si mke. Ni unyevu.

2 Machi

Papa Jean-Marie amepita kuuliza habari za kitabu.

"Kuna ukurasa mmoja muzuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu," nikamwambia. "Na mwisho ni mubaya."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, jambo analofanya akitaka kukuomba kitu. "Maman, ule papa angali mu matanga. Umuguse polepole."

"Kitabu haiko mu matanga, Papa Jean-Marie. Kitabu iko ku soko."

Akacheka, lakini hakufurahi.

5 Machi

Baada ya kula nilisinzia kwenye kiti na kitabu magotini, na mvua ikawa inanyesha ndani ya usingizi vilevile ilivyonyesha nje. Nikaota niko maktaba. Luc amesimama mlangoni na lile shati lake la kazini, limelowa, linamganda kifuani. Anataka kuingia. Mimi namuomba kadi ya msomaji, kwa Kifaransa, kwa ile sauti ninayotumia kwa wanafunzi wakorofi. Anatafuta mifuko yote, polepole, hana hasira, ananitabasamia kama mtu anayejua kwamba nitamruhusu mwishowe. Nami simruhusu. Namwambia sheria ni sheria. Maji yanatoka kwenye viatu vyake yanakuja mpaka chini ya meza yangu.

Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na jirani alikuwa anakaanga vitunguu. Luc, bwana yangu, alifariki miaka minne iliyopita, moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Watu husema nilijikaza vizuri. Ni kweli. Nilirudi kazini upesi, nikagawa nguo zake, nikapaka nyumba rangi.

Nimekiweka kitabu kwenye droo.

9 Machi

Jua kidogo. Nimeanika mablanketi.

12 Machi

Nimeanza kuandika hotuba yangu, na Kiswahili kimeanza kunitii. Nimeandika kurasa kadhaa kali sana juu ya ule mwisho, na sitasema uongo, nimefurahia kuziandika. Huyu Honoré nilimwona mara moja tu, kwenye harusi ya mwenzetu wa kazi. Alimsahihisha mchungaji jina la mlima mbele ya maharusi. Mtu wa tai iliyobana na maneno yaliyopimwa. Mtu wa namna hiyo huipenda sentensi yake nzuri kuliko watu walio ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

17 Machi

Leo amekuja msichana maktaba, akasimama katikati ya rafu na viatu vyake vilivyolowa akiogopa kuchafua sakafu. Nikamwambia aingie tu, sakafu imezoea.

"Maman Adolphine? Banasema ni weye utasema juu ya kitabu ya papa. Miye ni Élodie. Mutoto wa Honoré Cirhuza."

Ni muuguzi, anaishi Kasha na bwana yake. Nikafikiri amekuja kuniomba huruma, nikaanza kujitayarisha kukataa kwa upole.

"Ulisoma mpaka ku mwisho?" akaniuliza.

"Nilisoma."

"Unafikiri ni hadithi?"

Sikuelewa. Akakaa bila kukaribishwa, mkoba mapajani.

"Nyumba ya papa iko na ufa. Ilianza mwezi wa kumi na moja. Sasa unaweza ingiza mkono. Majirani ba juu balishaka toka, batu ba serikali ya kartye balikuja kupiga rangi nyekundu ku mulango, alama ya kuhama. Papa hataki kutoka. Mama alikufia mu ile chumba, Maman. Kitanda yake ilikuwa ku dirisha, sababu alipenda kuona inje. Papa amesogeza kitanda. Ameweka ku ukuta."

Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa muda sikujua kama tuko ndani ya kitabu ama ndani ya maktaba. Kitanda. Ukuta. Nilikuwa nimesema mwisho ule ni uongo, kumbe mwandishi alikuwa anautayarisha.

"Lakini yeye ni mwalimu wa jiografia," nikasema kijinga.

"Amefundisha erozyo, udongo kubebwa na maji, maisha yake yote. Anajua kuliko siye. Akiambiwa, anajibu ndiyo, ndiyo, nitatoka, halafu anabaki. Padri alijaribu. Baba mudogo alijaribu. Mama angemutoa, lakini mama njo haiko." Akaangalia mikono yake. "Mutu papa anaogopa ni weye tu. Kila siku ananiuliza: ule maman wa maktaba, alisema nini?"

18 Machi

Nimekwenda Kadutu.

Motard alinifikisha hadi pale barabara inapokubali, juu kidogo ya soko, halafu nikashuka na ngazi za udongo kati ya nyumba na nyumba, nikishika kuta za watu. Ukungu ulikuwa umekaa chini bondeni, kwa hiyo mabati ya chini yalionekana kama yanaelea. Sauti zilitoka bila watu: redio, mtoto, mtu anatwanga majani ya sombe. Nilitembea kama mtu anayesukumwa na usingizi.

Mlango una ile rangi nyekundu. Alifungua akiwa na tai, nyumbani kwake, saa nne asubuhi.

"Maman Adolphine," akasema. "Ningejua ningenunua sukari."

Tukanywa chai isiyo na sukari. Nyumba ni safi sana. Ufa unaanzia juu ya mlango wa chumba, unashuka kama mto kwenye ramani, na nilipouangalia aliniangalia mimi.

"Ni ufa wa zamani," akasema.

"Binti yako anasema ni wa mwezi wa kumi na moja."

"Élodie anapenda kuhesabu." Akageuza kikombe. "Uliuona je, ule mwisho?"

Niliwaza kurasa zangu kali. Nikamwambia ukurasa wa mlangoni ulinitoa kitini, na alifumba macho kidogo kama mtu aliyepewa maji. Halafu nikamwambia kwamba mwisho siukubali.

"Huukubali kwa sababu gani?"

"Unapendeza. Mtu anakufa, na wewe unatuimbia."

"Hakufa. Alimfuata."

"Papa Honoré, alikufa. Udongo uliingia mdomoni mwake. Hayo hukuyaandika."

Akasimama. Nilidhani atanionyesha mlango, kumbe alinionyesha chumba. Kitanda kimetandikwa kwa shuka jeupe, kimebanwa kabisa na ukuta, na ukutani, juu ya mto, kuna doa la unyevu. Nitasema nilichokiona: doa. Halina vidole. Lakini aliponiambia, "Gusa," niligusa, na baridi yake ilikuwa baridi ya mtu aliyetoka nje kwenye mvua, na sikuutoa mkono upesi. Sijui ni kwa muda gani tulisimama hivyo. Nje kuku alikuwa analia kwa mbali kama kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilimwaza Luc mlangoni na viatu vyake vinavyotiririka. Nilielewa kabisa jinsi mtu anavyoweza kulala hapo.

"Unaona?" akasema kwa upole.

Neno hilo ndilo lililoniamsha.

"Kwa nini hasemi?" nikauliza.

"Nani?"

"Mke wa fundi. Kitabu kizima hasemi neno, hata akiwa hai."

"Wafu hawasemi."

"Nimekuambia akiwa hai. Ulikuwa na kurasa za kutosha. Kwa nini ulimfunga mdomo?"

Alitazama doa, akanitazama mimi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeulizwa njia katika mji wake mwenyewe na hakuikumbuka. Halafu akasema mvua inakuja, heri niende kabla ngazi hazijawa mbaya. Akanisindikiza hadi mlangoni akanishukuru kwa kuja. Tai yake ilikuwa imefungwa upande. Alikuwa ameifunga bila kioo, au bila mtu.

20 Machi

Mvua.

21 Machi

Mvua. Nasikiliza paa, nasikiliza simu. Élodie ameandika: *Papa bado iko mule.*

22 Machi

Mvua. Wanasema upande wa Bagira ukuta wa shule umelala. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani, Mungu asifiwe.

24 Machi

Nimezitoa zile kurasa zote kali. Hazikuwa na kosa la kisomi, ila nilimwandikia mtu mwingine, yule wa harusini, na mtu huyo hayupo.

Papa Jean-Marie anataka tuahirishe. Nimemweleza habari ya ufa.

"Basi usiseme kitu juu ya mwisho," akasema. "Sema lugha ni nzuri, tupige makofi, aende kwake."

"Kwake wapi?" nikamuuliza.

Alivua miwani. Halafu akasema, "Ukimuumiza mbele ya batu, Maman, na akijifungia mule ndani?"

Sijalala vizuri mchana wala usiku. Sijawahi kuogopa maneno yangu mwenyewe namna hii.

6 Aprili

Nimerudi kutoka parokiani na nguo zangu bado ni mbichi. Niandike yote wakati sauti zingali masikioni.

Ukumbi ulijaa. Wengine walikuja kwa kitabu, wengine walikuwa wamekimbia mvua tu. Honoré aliketi mbele, mikono magotini. Élodie alikaa nyuma yake, si karibu naye. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba niliomba watu wasogeze viti, basi tukawa duara dogo, kama kwenye matanga.

Nilisoma ukurasa wa mlangoni kwa sauti. Nilipofika pale baba anapouliza, "Samahani, unatafuta nani?" mama mmoja aliyekuja kujikinga mvua alisema "Eeh, Yezu!" na hakuna aliyecheka. Nikawaambia: huu ndio uoga wa kweli wa kitabu hiki. Hautoki kwa mke aliye ukutani. Unatoka kwa baba anayefungua mlango akiwa mpole, amevaa vizuri, na binti yake hayumo tena ndani ya macho yake. Mwandishi aliyeandika hivi anajua msiba unaweza kumla mtu bila kumvunjia sahani hata moja.

Halafu nikasema kwamba ninaupinga mwisho. Nikasema kitabu kilitufundisha kuogopa ukuta, na mwishoni kikatuomba tuupende. Kwamba binti aliachwa nje. Na kwamba hayo yaliwezekana kwa sababu moja tu, kwa sababu mke hana sauti.

"Mtu asiye na sauti," nikasema, "unaweza kumpa mapenzi yoyote unayotaka. Unaweza kusema ananiita. Lakini kama angekuwa na mdomo wake, pengine angesema jambo lingine. Ningependa kumuuliza mwandishi: huyu mama alikuwa anaongea namna gani?"

Nikakaa. Papa Jean-Marie alikuwa anafuta miwani.

Honoré akasimama. Alikuwa na hasira, shingo yake imevimba juu ya kola.

"Unasema nilimfunga mdomo," akasema. "Mimi! Joviale, mke wangu? Ule mwanamke hakunyamaza hata siku moja! Alikuwa anaongea akipika, anaongea akisali, anaongea ndani ya usingizi. Nilikuwa naandika masomo yangu na vidole ndani ya masikio!"

Mtu akacheka kidogo nyuma. Halafu mwingine. Walikuwa watu wa Kadutu, walimjua.

"Kweli, Papa," akasema Élodie, "ulikuwa unamwomba akupe dakika moja tu."

"Dakika moja! Hakunipa!" Akageuka kumwangalia binti yake. "Alikuwa ananiita Monsieur le Professeur akikasirika. Monsieur le Professeur, panya iko ndani ya chumba, utaichorea karte ya jiografia? Monsieur le Professeur, soksi yako iko inanuka mpaka Rwanda."

Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka pamoja nao, cheko lililotoka vibaya, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Élodie alisimama. Hakucheka.

"Na kama angeona ile ufa, Papa? Angesema nini?"

Alifungua mdomo amjibu upesi, kama anavyojibu daima. Hakuna kitu kilichotoka. Midomo yake ilisogea. Nadhani alikuwa anamsikia Joviale, na nadhani hakuwa amemsikia tangu siku alipofariki, kwa sababu alikaa chini ghafla, akafunika uso na mikono.

"Angenitukana," akasema ndani ya viganja. "Angenitukana vibaya sana."

Binti akaja akachuchumaa mbele yake. Sikusikia waliyoambiana, mabati yalikuwa yanapiga kelele. Papa Jean-Marie akafunga mkutano kwa sala fupi, na watu wakaondoka taratibu, wakimgusa Honoré begani wakati wa kupita.

Hakuniaga.

7 Aprili

Misa. Sikuelewa neno la mahubiri. Mvua.

8 Aprili

Hakuna habari. Ziwa limefichwa tena. Nimewaza: na kama nilimrudishia sauti yake ili tu aumie mara mbili?

9 Aprili

Élodie amepiga simu mchana. Alikuwa anaongea haraka, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Baba yake amefika Kasha asubuhi kwa miguu, na godoro juu ya kichwa cha mbeba mizigo, sanduku la vitabu, na radio. Hakueleza kitu. Aliuliza atalala wapi. Halafu akalalamika kwamba mlango wa nyumba yao unafungukia upande usiofaa.

Nimekaa jikoni nikalia mpaka nikachoka. Nadhani nusu ilikuwa ya Luc.

14 Aprili

Mvua kidogo. Nimelala vizuri.

23 Aprili

Nyumba ya Honoré imeanguka. Saa nane mchana, baada ya siku mbili za mvua isiyo na kelele. Ukuta wa chumba ulikwenda kwanza na mteremko ukaufuata, jiko likafuata. Sebule imebaki wazi kama sanduku lisilo na kifuniko. Hakuna aliyekuwemo. Majirani wa chini walikuwa wamehamishwa. Wamekufa kuku wawili tu.

Élodie anasema baba yake alikwenda kutazama, akasimama muda mrefu na mwavuli, na alichosema ni kwamba udongo wa tabaka la pili una rangi ambayo hakuitegemea.

Nilitaka kufurahi, kwa sababu yu hai. Lakini nakiwaza kile chumba, shuka jeupe, ile baridi chini ya kiganja changu. Mahali alipokufia Joviale hapapo tena duniani. Hilo nalo ni jambo, na hakuna hotuba yangu itakayolirekebisha.

12 Mei

Amekuja maktaba. Bila tai. Ameketi kwenye kiti cha wasomaji, akanisalimu kama mtu aliyefanya mazoezi njiani.

"Aksanti, na nimekukasirikia," akasema. "Yote mbili."

"Ni haki yako."

Akanieleza kwamba parokia inataka kuchapa kitabu tena, na Papa Jean-Marie amemshauri abadilishe mwisho: fundi atoke, binti ampokee, watu waendelee. Ameandika hivyo. Akaniletea nisome.

Nilisoma mbele yake. Ulikuwa mbaya. Fundi alitoka nyumbani kama mtu anayetoka benki. Nilimwambia hivyo na akashusha pumzi, akacheka.

"Nilijua. Unajua, Maman, nilijaribu kumpa Joviale maneno. Ndani ya hadithi. Haikukubali. Akifungua mdomo tu, fundi anatoka, na hadithi inakufa. Ule fundi hakuwa na mtu wa kumtukana." Akazichukua karatasi zake. "Nitaacha kama ilivyokuwa. Yeye aende ndani ya ukuta. Mimi niko Kasha, kwa mulango unaofungukia upande mubaya."

Nilitaka kubishana. Ndiyo kazi yangu. Nikamwambia bado ninaupinga mwisho ule, na nitaupinga kila nikiulizwa, na asiubadilishe hata neno.

"Ila ongeza kitu kimoja tu," nikasema. "Udongo mdomoni."

Aliwaza. "Udongo mdomoni," akakubali.

Akiwa mlangoni akaniuliza jina la bwana yangu. Nikamwambia. Akauliza alikuwa anafanya nini. Nikaanza kwa kusema alikuwa mhasibu, na nilipotazama saa, ilikuwa wakati wa kufunga.

26 Mei

Mvua ya mwisho labda. Fupi, na jua ndani yake.

8 Juni

Kiangazi. Vumbi limeanza kukaa kwenye rafu, na ziwa limerudi, lote, hadi milima ya ng'ambo.

Leo ameingia mama nisiyemjua, kitambaa cheusi kichwani, anaangalia vitabu kama mtu anayeangalia wageni. Jina lake ni Consolate. Anatoka Mwenga. Bwana yake alikuwa mchimba dhahabu. Shimo lilimfunika mwezi wa pili, na hawakumtoa. Sasa anakaa kwa dada yake hapa mjini, na dada alimwambia kuna kitabu cha Kiswahili juu ya mtu aliyefunikwa na udongo.

"Banasema inaogopesha," akasema.

"Inaogopesha."

"Munipe tu. Miye nalishaka ogopa."

Nilikuwa nimekishika mkononi. Nilimwaza Honoré na shuka lake jeupe. Nilimwaza huyu mama kwenye chumba kisicho chake, mlango umefungwa, anafika kwenye zile sentensi tamu za mwisho bila mtu. Kwa dakika moja nilitaka kumwambia kimeazimwa. Lakini ni nani mimi wa kumnyima mtu ukurasa ule wa mlangoni?

"Hakitoki nje ya maktaba," nikamwambia. Si kweli, sheria hiyo nimeitunga palepale. "Utakisoma hapa. Nitakaa pamoja na wewe."

Akakubali. Tukaketi kwenye meza ya dirishani. Anasoma kwa midomo, polepole, kidole chini ya mstari. Wanafunzi waliingia wakatoka. Nilikuwa na kadi za kupanga na sikupanga hata moja.

Alipofika kwenye ukurasa wa mlangoni nilijua, kwa sababu kidole kilisimama. Hakuinua macho. Nikavuta kiti changu kikagusana na chake.

"Jina lake alikuwa nani, bwana yako?" nikamuuliza.

"Déogratias."

"Alikuwa anaongea namna gani?"

Akaniangalia kama mtu asiyeamini kwamba jambo hilo linaweza kuulizwa. Halafu akageuza kitabu kifudifudi mezani, akavuta pumzi, akaanza.